Amani ya Ambakisye

Mtu mmoja, Ambakisye jina lake, alikuwa na mke, binti mmoja na mdogo wake wa kiume, na mjini alikuwa na kazi kubwa. Kazi hiyo ilikuwa kuishauri serikali juu ya mazao: zao lipi lisaidiwe na lipi liachwe lijitegemee. Wakubwa wake walimheshimu kwa kuwa alisoma sana na hakuwa mtu wa makelele. Walilalamikia jambo moja tu. Kila alipotakiwa kuandika kwamba zao fulani liachwe, kalamu yake ilikuwa nzito. Wenzake waliona namba kwenye karatasi, yeye alimwona mtu. Na mara nyingi mtu huyo alikuwa Gwakisa, mdogo wake, aliyebaki kwao milimani akilima chai.

Gwakisa hakubaki huko kwa kukosa akili. Baba yao alipofariki, shamba la chai liliweza kumsomesha mtoto mmoja tu, na darasani Gwakisa ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko kaka yake. Lakini alijifunga kikapu mgongoni, akasema kaka amalize kwanza, yeye atafuata. Zamu yake haikufika. Hakulisema jambo hilo hata siku moja, wala kaka yake hakuwahi kulisahau. Ndiyo maana kalamu ilikuwa nzito.

Kisha msiba ukaingia nyumbani. Binti yao, Tupoki, mtoto wa darasa la kwanza, aliamka na homa na shingo iliyokakamaa, na kabla wiki haijaisha walikuwa wamemzika. Mama yake, Subilaga, alilia kama watu wanavyolia. Ambakisye hakuweza. Alasiri alikuwa akiendesha gari mpaka shuleni kwa mtoto, anaegesha mahali pale pale alipozoea kumsubiri, anakaa humo ndani mpaka mlinzi aje kugonga kioo na kumwambia kwa upole kwamba wanafunzi wameshaondoka wote. Alikuwa anaungua ndani kwa ndani, na hakujua moto huo unazimwa na nini.

Mwenzake mmoja wa ofisini alimwelekeza kwa mtawa wa Kibuddha, mzee mmoja kutoka Sri Lanka aliyeitwa Sumana, aliyekuwa na nyumba ndogo ya ibada nje ya mji. Mtawa alimpokea bila maswali mengi. Alimfundisha kukaa chini, kunyamaza na kuifuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. Alimfundisha maneno ya Buddha: kwamba mateso yapo, kwamba yanazaliwa na kiu ya moyo na kung'ang'ania, na kwamba anayeweza kuachilia hupata utulivu. Hayo yalifundishwa Jumamosi. Jumapili jioni mtawa alifundisha nusu ya pili, juu ya huruma, namna ya kuubeba uchungu wa mwingine kama wako. Ambakisye hakwenda Jumapili. Jumapili jioni alikuwa akiandaa kazi za Jumatatu, na zaidi ya hapo, alikuwa ameshapata alichokifuata. Moto ulikuwa umeanza kupungua.

Ukapungua kweli. Aliacha kwenda kuegesha gari shuleni. Alianza kula, alianza kulala. Kila asubuhi alitandika mkeka sebuleni akafumba macho, na chumba cha pili Subilaga alikuwa akifua nguo za marehemu, anaanika, anakunja, kesho yake anazifua tena. Siku moja mke wake alikuja akasimama mlangoni na mikono imelowa maji. Akasema, "Baba Tupoki, njoo ulie na mimi. Kidogo tu."

Hakumjibu kwa ukali, kwani ukali ulikuwa umeshamtoka. Alimwambia, "Jina hilo tuliache, mama. Ndilo linalotufunga."

"Basi nitakuita nani?" Subilaga akauliza.

Ambakisye akafumba macho. Baada ya hapo Subilaga hakumwomba tena kitu chochote. Aliomba uhamisho, maana alikuwa mwalimu, akapewa shule moja ya wilaya ya mbali. Ambakisye alimbebea masanduku mpaka stendi, akampungia mkono, akarudi nyumbani akijichunguza njia nzima kama moyo umetikisika. Haukutikisika. Alishukuru.

Katika miezi hiyo hiyo lililetwa mezani kwake suala la chai ya milimani kwao. Kiwanda cha huko kilikuwa kinasuasua. Kila mwaka serikali ilikitia nguvu kwa fedha ili kiendelee kununua majani ya wakulima wadogo kwa bei inayovumilika, na wakubwa walitaka kujua kama inafaa kuendelea. Kabla ya msiba Ambakisye alikuwa ameanza kuandika waraka juu ya jambo hilo, akakwama. Sasa aliuandika bila kusimama. Aliandika kwamba shida ya wakulima hao inatokana na kung'ang'ania zao ambalo soko limelikataa, na kwamba kila tunapowasaidia kulishika tunawarefushia mateso. Msaada ukome. Waachwe waachilie.

Hesabu zake zilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalotisha. Kiwanda kweli kilikuwa kinakula kuliko kilivyozalisha. Lakini katika ule waraka wa kwanza palikuwa na sura ya mwisho. Humo aliandika kwamba wakulima wapewe miche ya parachichi, na kiwanda kiendelee kusaidiwa mpaka miche izae, ili watu wahame polepole kutoka zao moja kwenda jingine bila kulala njaa. Sura hiyo aliifuta. Aliposoma tena aliona imejaa woga, imeandikwa na mtu aliyekuwa bado anaungua. Mkubwa wake alipousoma waraka mpya alimpa mkono, akamwambia, "Sasa umekomaa." Waraka ulipita. Kiwanda kikafungwa.

Gwakisa alipiga simu akiwa mbele ya geti la kiwanda. Sauti za watu zilisikika nyuma yake. Alisema, "Kaka, wamefunga. Hatukuambiwa kitu. Majani yameanza kuungua kwenye magunia, tumeyamwaga barabarani. Sasa tufanyeje?"

Ambakisye alimjibu kwa sauti iliyotulia, "Achilia, Gwakisa. Wewe siyo chai."

Kisha mdogo wake akasema, kwa adabu ile ile aliyomwonyesha tangu utotoni, "Sawa, kaka."

Gwakisa aliachilia. Alimwachia mke wake nyumba na watoto, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu na vijana wengine wa pale kijijini waliokuwa hawana pa kupeleka majani. Huku nyuma chai ilikosa mchumaji, ikarefuka ikawa miti, mistari ikajifunga, na shamba la baba yao likawa pori ambalo watoto walikatazwa kuingia. Mvua zilipoanza, shimo alilokuwa akichimba Gwakisa lilibomoka naye akiwa chini. Wenzake walifukua mpaka udongo ukaanza kuwafuata na wao, wakapanda juu, wakaacha. Maiti haikupatikana.

Ambakisye alikwenda matangani. Hapakuwa na jeneza wala kaburi, watu walikaa tu kwenye majamvi wakiutazama uwanja. Mjane alipomwona alikuja akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu. Hakujua ni nani aliyeandika waraka. Alisema, "Afadhali umekuja, shemeji. Wewe uko huko kwa wakubwa. Waambie watufungulie kiwanda, vijana wetu wasije wakaisha wote mashimoni." Ambakisye aliweka mkono juu ya kichwa chake. Akasubiri moyo wake useme kitu. Aliusubiri kwa muda mrefu, watu wakimtazama, na moyo ulikuwa umetulia kama maji ndani ya beseni. Hapo ndipo alipoogopa, mara ya kwanza tangu alipomzika mtoto wake.

Alipotoka matangani hakwenda nyumbani, alinyoosha moja kwa moja kwa mtawa. Alimweleza yote: mke alivyoondoka, waraka alivyouandika, mdogo wake alivyokufa, mjane alivyomshika miguu. Alieleza kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ripoti. Mwishoni akasema, "Sikuhisi kitu, mwalimu. Niambie, nimefika?"

Aliponyanyua macho aliona mzee analia. Mtawa hakuficha uso. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye vazi lake, analia kwa ajili ya Gwakisa ambaye hakuwahi kumwona, na kwa ajili ya Subilaga, na alilia kama mtu aliyefiwa na wa kwake. Ambakisye alishangaa, kwa maana alidhani huyu ndiye mtu ambaye hakuna kinachomgusa. Mzee alipoweza kusema, alisema neno moja tu:

"Mimi nilikufundisha kufungua mkono ili uache kunyakua, wewe umeufungua ili wao waanguke."

Hakumfukuza. Alimwambia arudi Jumapili. Lakini Ambakisye alikuwa ameshasimama, na alipofika barabarani ule moto aliokuwa ameuzima ulirudi wote kwa mara moja, wa binti na wa mke na wa mdogo wake. Alikaa kando ya lami akapiga kelele mpaka watu wakadhani amegongwa na gari.

Alijaribu kurudisha mambo nyuma. Alikwenda ofisini akaomba waraka wake uondolewe, akasema kuna sura aliyoifuta na yuko tayari kuiandika tena. Mkubwa wake alimsikiliza kwa huruma, akamshauri achukue likizo. Mitambo ya kiwanda ilikuwa imeshang'olewa na kuuzwa. Na waraka wenyewe, alimwambia kwa kumpa moyo, ulikuwa mzuri sana, umeshatumika kwenye pareto na kwenye pamba, unasomwa mpaka mikoa mingine. Ambakisye akatambua kwamba mahali fulani, muda huo huo, mtu asiyemjua alikuwa amesimama mbele ya geti lililofungwa akimpigia kaka yake simu.

Alikwenda mpaka shule ya mbali kumwona Subilaga. Mkewe alimkaribisha vizuri, akamtolea kiti nje, akamletea maji ya kunywa. Ambakisye akalitaja jina la mtoto, akashindwa kuendelea, akalia mbele yake kilio alichoombwa zamani. Subilaga alikaa akimtazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyejikwaa. Alipomaliza akamwambia, "Pole, Ambakisye. Mimi nilishalia peke yangu, nikamaliza. Sina tena." Halafu kengele ya shule ikagongwa, akainuka akaenda darasani.

Mwisho alipanda milimani akamweleza mjane ukweli, kwamba aliyeandika ni yeye. Yule mama alimsikiliza mpaka neno la mwisho. Hakupiga kelele wala hakumlaani. Aliwaita watoto wake waliokuwa wakicheza uani, akawaingiza ndani mmoja mmoja, akafunga mlango taratibu. Ambakisye amejenga kibanda kule kule, ng'ambo ya shamba. Anapeleka mahindi, anapeleka kuni, anaviweka kizingitini kwa mjane. Asubuhi anavikuta pale pale.

Ndugu zangu, nawaona baadhi yenu mmeshapata jibu. Mnasema, ndiyo matokeo ya kwenda kutafuta kwenye dini za watu. Msijidanganye. Aliyelia katika habari hii ni mtawa. Na Ambakisye angeweza kufanya yote hayo akiwa amekaa kwenye benchi lile la mbele la kanisa letu hili, kwa maneno yetu wenyewe. Angemwambia mke wake ni mapenzi ya Mungu, anyamaze. Angemwambia mdogo wake Bwana atafungua njia, kisha akakata simu. Nimeyasikia yakisemwa humu humu, na wanaoyasema hurudi makwao wakalala vizuri. Kila mmoja wenu hunijia na ombi lile lile, anataka nimwombee moyo wake utulie. Nami huwaombea. Lakini leo nawauliza, na sina jibu la kuwapa: siku moyo wako utakapotulia, utajuaje kama umepona au umekufa?