Kandambili ya Bluu Mbele ya Foleni

Hii nimetumiwa na mtu aliyechoka na foleni kama nilivyochoka mimi. Isome ukiwa umekaa.

Kijiji kimoja cha mbali kilikuwa na zahanati moja na mganga mmoja. Mganga huyo alihudumia watu ishirini kwa siku, basi. Wa ishirini na moja alirudi nyumbani na ugonjwa wake. Kwa hiyo watu walifika alfajiri, na kwa kuwa mgonjwa hana nguvu za kusimama, kila mmoja aliacha kandambili moja kwenye mstari, akaenda kuegemea ukuta na mguu mmoja mtupu.

Ntandu, mfyatua matofali, alikosa nafasi siku mbili mfululizo. Mkono wake ulikuwa umevimba hadi kiwiko na usaha ulishaanza kunuka. Siku ya tatu alifika kabla ya watu wote, lakini akakuta kandambili ya bluu imemtangulia, kamba yake imeungwa kwa waya. Mwenyewe hayupo.

"Ya nani hii?" akamuuliza mzee aliyefika baada yake.

"Hiyo huwa ipo," mzee alijibu akipiga miayo. "Iache."

"Mwenyewe kalala kwake, mimi naoza hapa?"

Akaitupa mtaroni, akaweka yake. Mzee akaenda kuegemea ukuta. Alikuwa amechoka mno hata kugombana.

Mlango ulipofunguliwa, kandambili zilikuwa zimeshatimia ishirini. Hapo akaja mama mmoja mbio, mtoto wake anatetemeka kwa degedege.

"Jamani, nipisheni."

"Panga foleni, dada," mmoja akasema. "Sote wagonjwa, na sisi tumetangulia."

Muuguzi aliyefungua mlango akatazama mstari. "Ya bluu iko wapi?"

Yule mzee akatazama mtaroni.

"Ile ni ya Bi Sita, anayefagia hapa," akasema. "Mwanawe alifia kwenye mstari huu huu, akiwa wa tisa. Tangu hapo huiweka mbele kila alfajiri, kwa ajili ya atakayechelewa na hawezi kusubiri. Imetumalizia ugomvi."

Ntandu aliona aibu. Alishuka mtaroni, akaiokota, akaifuta kwa shati lake, akairudisha mbele. Mama akaingia na mtoto.

Sasa walikuwa ishirini na mmoja. Mtu mmoja ilibidi arudi nyumbani. Ntandu akavaa kandambili yake, akaondoka bila kuaga, mkono unamuuma hadi begani.

Usiku hakulala kwa maumivu, na kesho yake akachelewa. Alifika jua limeshachomoza, amekata tamaa, mstari umejaa. Mbele ilikuwepo ile ya bluu. Nyuma yake palikuwa na nafasi tupu ya kandambili moja.

"Weka yako," yule mzee, aliyerudi kwa sindano ya pili, alimwambia kutoka ukutani. "Mtoto amepona. Nasi leo tumekutangulia, tukakushikia nafasi."

Funzo: Aliyetangulia kwa kweli ni yule anayemwekea nafasi anayekuja nyuma.