Mfereji wa Mzee Ambakisye

Hadithi!
— Ije!
Ije na nini?
— Ije na harufu yake!

Hapo kale, juu mlimani, aliishi Mzee Ambakisye, mfugaji wa nguruwe. Nguruwe kumi, nguruwe ishirini, nguruwe arobaini! Na nguruwe, jamani, wanakula na wanakunya. Msinikunjie pua, hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

Shimo la samadi hakuchimba. Alichimba mfereji. Mvua inyeshe, mavi yateremke, yeye asahau.

Kwanza yaliteremka mbele ya nyumba. Mkewe akasema, "Baba Tupokigwe, tunakula na nzi. Chimba shimo." Mzee akageuza mfereji.

Yakaingia kwa jirani. Jirani akaja na jembe begani. "Chimba shimo, ndugu yangu, tusije tukaumizana." Mzee akageuza mfereji tena, nyuma ya mlima.

Mkewe akashtuka. "Huko si ndiko alikoolewa mwanetu?"

"Mlima mpana, mama."

Mnamsikia? Mlima mpana!

Kwa Tupokigwe, binti yake wa pekee, hakuwahi kufika. Desturi yao, baba hakanyagi kwa mkwe mpaka mjukuu azaliwe, aitwe. Kila asubuhi mzee alikodolea macho njia. Duniani hakutaka kingine.

Siku moja mjumbe akaja. "Mzee, unaitwa. Tupokigwe alijifungua, lakini..."

Lakini gani! Mzee alishavaa koti, jogoo kwapani, mbio.

Akashuka, mfereji kando yake. Akashuka, mfereji kando yake. Akashuka, mfereji ukaingia kijitoni, njia ikaingia uani kwa mkwewe.

Wanawake wamekaa chini. Nyuma ya migomba, udongo mbichi, kaburi dogo tu.

Tupokigwe akatoka na kata ya maji. "Nawa, baba. Umetoka mbali."

Mzee akainama. Harufu ikampanda puani. Nguruwe wake mwenyewe!

"Maji haya mnayateka wapi?"

"Hapo kijitoni, hatuna pengine. Ndiyo tuliyomwogeshea. Ndiyo tuliyomnywesha. Akaharisha siku tatu." Akafuta macho. "Wa kiume, baba. Tulimpa jina lako."

Mikono ya mzee ikabaki hewani, mikavu.

"Nawa, baba," akasema Tupokigwe. "Hatuna mengine."

Hadithi iende!
— Iende!
Iende wapi?
— Ibaki juu kwa mwenyewe, isiteremke kwa mtu.