Siwema Adai Makosa Yake

Palikuwa na tajiri mmoja, jina lake Kitwana Mshamu, katika mji ambao siutaji kwa sababu wakwe zangu wako huko na bado nahitaji kulishwa. Tajiri huyu alikuwa akiuza programu za kompyuta. Kuziandika hajui, kuziwasha mpaka aitiwe mtu, lakini kuuza, mh, angekuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru.

Ofisini kwake palikuwa na amri moja: programu ya Tajiri Kitwana haina makosa. Sikilizeni vizuri. Hakusema isiwe na makosa. Alisema haina. Vijana waliokuwa wakiiandika wakajifunza haraka: ukiona kosa, tazama dirishani.

Wote isipokuwa Siwema. Binti wa fundi cherehani, mdogo wa umbo, ulimi pilipili mbuzi. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu kabla haijauzwa. Anaibonyeza, anaichokonoa, anaitega, ili kama ni kuanguka ianguke mbele yake, si mbele ya mgonjwa. Naam, mgonjwa, kwa sababu safari hii programu ilikuwa ya kusajili watu katika hospitali ya mji. Siwema akaijaribu wee, akamwambia tajiri wake kwamba bado. Akaambiwa anyamaze. Siku ya kuikabidhi, matroni wa hospitali akamuuliza usoni, "Binti, nzima hii?"

"Bado, mama," akajibu.

Matroni akafunga mkoba wake akaondoka.

Ehe! Tajiri akavimba. Kumfukuza tu hakukumtosha. Akamburuta mpaka mahakamani, akataka hakimu ampige marufuku asiguse kompyuta ya kazi mji mzima, maisha yake yote. Msicheke, jamani. Kazi ile ndiyo aliyoisomea, ndiyo aliyoipenda, na nyingine hakuwa nayo. Ulimi anao, lakini siku hiyo aliingia mahakamani ameushika mkono wa mama yake.

"Amekukosea nini?" hakimu akauliza.

"Ameniharibia programu, Mheshimiwa," akasema Tajiri Kitwana. "Kabla hajaigusa ilikuwa nzima. Hakuna aliyewahi kuona kosa. Alipoanza tu kuijaribu, makosa yakatoka. Leo hili, kesho lile. Akienda likizo, kimya. Akirudi, makosa. Sasa anayaleta nani?"

Watu waliojaa pale wakaitikia kwa vichwa. Wanaona maneno yamenyooka kabisa.

Hakimu akamgeukia Siwema. "Makosa gani hayo?"

"Mheshimiwa, ukisajili mapacha, Doto anamfuta Kurwa. Mama amejifungua wawili, kwenye kompyuta anarudi nyumbani na mmoja."

"Azae mmoja mmoja kama wenzake," akadakia Tajiri.

"Na bibi akivuka miaka mia, anapangiwa chanjo ya watoto wachanga."

"Bibi wa umri huo anatafuta nini hospitali? Ashukuru Mungu, apumzike."

"Na ukiandika jina lenye ng', ile ng' ya ng'ombe, programu inazimika papo hapo. Kile kialama cha juu haikijui."

"Mheshimiwa, hebu niambie, mtu mwenye akili zake ataitwaje jina lenye sauti ya ng'ombe ndani?"

Hakimu akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena.

"Mimi naitwa Ng'itu," akasema.

Nyuma kule mtu mmoja akakohoa ili asicheke.

"Lakini wewe, Mheshimiwa, huugui," akasema Tajiri.

Akaona mambo yanakwenda mrama, akapandisha sauti. "Yote hayo ni yake! Naapa mbele yako. Alikuja nayo, ameyapandikiza kwenye programu yangu. Makosa ni ya Siwema, la kwanza mpaka la mwisho."

Siwema akainua uso.

"Mheshimiwa, nakubali," akasema. "Karani aandike. Makosa ni yangu."

Mama yake akajifunika uso kwa kanga. Tajiri akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Ila nina ombi," Siwema akaendelea. "Mtu akifukuzwa kazi anaondoka na vitu vyake. Nipewe makosa yangu."

"Chukua," Tajiri akacheka. "Chukua yote, nenda nayo."

"Nitayachukuaje, tajiri wangu, na wewe hutaki niguse kompyuta? Nitolee wewe. La mapacha ulitoe lote, lisibaki hata unyoya. La bibi vilevile. La ng' pia. Na kila ukilitoa moja uniite nije nikague, nisije nikadhulumiwa."

Hakimu Ng'itu akajikuna kidevu. "Ombi halali. Tajiri Kitwana, mtolee mwenzako mali yake. Na mpaka umalize, programu hiyo haiuzwi popote. Ina mali ya mtu ndani."

Hapo ndipo akili ilipomrudia Tajiri. Kulitoa kosa ndiko kulitengeneza. Na mkaguzi ni Siwema yuleyule ambaye yeye alitaka afungiwe kazi maisha. Kasoro zote ambazo hakutaka kuzisikia, sasa anadaiwa kwa amri ya mahakama.

"Nafuta usemi," akasema. "Si yake."

"Ni ya nani?"

Tajiri akatazama dirishani.

"Nimeuliza, ni ya nani?"

"Yangu," akanong'ona.

"Sijasikia."

"Makosa ni yangu, Mheshimiwa. Yalikuwemo kabla hajaja."

"Basi hapa hakuna kesi. Binti, rudi kazini kwako. Una neno?"

"Ninalo, Mheshimiwa," akasema Siwema. "Matroni aambiwe avumilie kidogo tu. Lile kosa gumu limesharekebishika. Yaliyobaki ni ya kompyuta."