Besi Kumi na Nne

Bwana asifiwe. Nimesema, Bwana asifiwe! Haya, kaeni. Leo nimekereka, na mtanivumilia, maana mimi nimewavumilia ninyi wiki nzima.

Jumapili iliyopita mlisimama pale nje mkaanza na habari ya redio: kuna taifa lililo ndani ya muungano, linataka kupiga kura lenyewe kuamua kama lijitoe lijitegemee. Je, linaruhusiwa? Mzee Kihwele akasema haiwezekani, muungano ni wa wote, basi wapige wote. Mama Mgaya akasema aulizwe anayetaka kutoka. Mkapayuka mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakatoka kuwatazama. Jumatano mkanifuata nyumbani. Alhamisi simu. “Mchungaji, tuamulie!” Jamani, mimi si jaji! Nitawapa mfano, halafu mniache nipumzike.

Palikuwa na kwaya mbili katika usharika mmoja, mbali na hapa, msianze kuwatafuta. Moja ilikuwa kubwa, waimbaji sitini, na kinanda chao. Nyingine ilikuwa ya mtaa wa mlimani, watu kumi na wanne. Kinanda hawana, ila sauti yao nzito ya besi, wanaume kwa wanawake, ndugu zangu, ilikuwa inatikisa vioo vya madirisha. Kwaya kubwa haikuwa na besi ya maana. Basi wakazungumza, wakapatana, wakaungana. Sare moja, jina moja, mwenyekiti mmoja. Wakaandika na katiba. Mnatujua sisi na katiba! Ilikuwa na kifungu cha anayechelewa mazoezi, kifungu cha anayevaa ndala siku ya ibada, kifungu cha chai. Cha anayetaka kutoka hakikuwamo. Nani angekikumbuka siku ile? Walikuwa na furaha.

Miaka ikaenda. Sasa, wale wa mlimani walikuwa na nyimbo zao za msiba, za lugha ya kwao. Mtu wao akifa anaimbiwa hizo, ndipo anazikwa. Lakini katika kwaya ya pamoja kila wimbo unapitishwa kwa kura. Sitini kwa kumi na nne! Zikawa hazipiti hata siku moja. Kiongozi wao, mama mmoja wa makamo, akafiwa na mumewe, naye enzi zake, kabla ya kwaya kuungana, alikuwa mwimbaji wa besi. Akazikwa kwa nyimbo za kinanda. Nzuri, sikatai. Ila yule mama alisimama kaburini akisubiri wimbo mmoja tu, na haukuimbwa.

Haukupita mwaka, mama yake mzazi akaugua, akawa wa kitandani, hali mbaya. Ndiye aliyemfundisha kuimba. Yule mama akasema moyoni, huyu simziki vile. Akaenda kwa mwenyekiti.

“Baba mwenyekiti, naomba sisi wa mlimani tuketi wenyewe, tuulizane kama tuendelee humu au turudi kuwa kwaya yetu. Tupige kura.”

“Mama, hilo halimo kwenye katiba.”

“La kutukataza nalo halimo, baba.”

Mwenyekiti akavua miwani. “Hii ni kwaya ya wote. Mkitoka ninyi, besi inampungukia nani? Si sisi? Basi kura ni ya wote.”

“Tukipiga wote, baba, jibu tunalijua hata kabla ya kunyoosha mikono.”

“Ndiyo demokrasia hiyo, mama.”

Mnacheka? Mzee Kihwele, mbona wewe hucheki? Mwenyekiti hakusema uongo, kumbukeni. Wakitoka, kweli kwaya yake inaumia. Lakini je, huyu mama ameungana na watu, au amekamatwa?

Jumamosi baada ya mazoezi wakapiga kura. Wangapi wanataka wa mlimani wasiondoke? Mikono sitini juu. Wale kumi na wanne hawakunyoosha kabisa. “Imepita!” Makofi, katibu akaandika muhtasari, wakanywa chai.

Jumapili kanisa limejaa, na askofu amekuja. Kwaya imesimama, sare zimepigwa pasi. Wale wa mlimani wamefika wote, tena wamewahi. Kinanda kikaanza. Soprano wakaingia, alto wakaingia, teno wakaingia. Besi, kimya. Watu kumi na wanne wamesimama wima, midomo imefungwa. Hawanuni, hawanong’oni. Wimbo ukayumba, kinanda kikakoma, askofu akakohoa. Mwenyekiti akamwendea yule mama jasho likimtoka.

“Mama, mnatuaibisha! Mbona hamwimbi?”

“Mlipiga kura tusiondoke, baba. Hatujaondoka. Kura ya kuimba hamkupiga.”

Mwenyekiti akauliza, taratibu sasa, “Kwani mngepiga kura wenyewe, mngeondoka?”

Yule mama akamtazama, machozi yanamlengalenga. “Sijui, baba. Hata mimi sijui. Hatujawahi kuulizana.”

Eh! Wiki nzima mmepiga kelele, sasa ni zamu yangu.

Tusikilizane. Sisi tunagombania nani ahesabiwe, tumesahau tunachokitaka. Mtu unaweza kumzuia mlangoni kwa katiba, kwa wingi wa mikono, hata kwa askari. Kuimba utamlazimishaje? Mzee wangu, kama kuondoka kwao kutakuumiza, si useme tu! Waambie unawahitaji. Zungumzeni kinanda kitakuwa cha nani. Lakini jibu la kubaki lazima litoke kwao, la sivyo halina kazi. Nanyi wa upande wa Mama Mgaya, msinichekee hapo. Siku mtakayoulizana, wanane wakasema tubaki na sita wakasema tutoke, mtalikubali? Au kila Jumamosi mtaitisha kura mpya mpaka mpate mnalolitaka? Anayedai kuulizwa ajiandae na jibu asilolipenda.

Na hapa kwetu je? Tunaona sare, tunahesabu vichwa, tunasema tuko pamoja. Mume, mkeo ulimwuliza lini kama bado yumo? Au umeona yuko jikoni, ukaridhika?

Nisimalize kwa kuwasema ninyi tu. Ninyi wa mtaa wa bondeni, mnaokaa benchi lile la nyuma. Ndiyo, ninyi. Miaka mitatu tangu tuwaunganishe na kwaya ya usharika. Miaka mitatu sijasikia wimbo wenu humu ndani, na anayepanga ratiba ya nyimbo ni mimi. Bibi yenu tulimzika mwezi wa pili. Sikuwauliza mngependa aimbiwe nini. Nilikuwa na haraka. Nilipokuwa natunga mfano huu niwaseme Mzee Kihwele na Mama Mgaya, nikaona mwenyekiti amevaa kola yangu. Nisameheni.

Ratiba inasema sasa ni wimbo wa kwaya. Nimeichana. Watu wa bondeni, mna wimbo? Mnataka kuuimba, au hamtaki? Msinijibu mimi. Ulizaneni kwanza hapo mlipo. Sisi tutasubiri.