Gari Lililopona Likakosa Njia

Kaeni, ndugu zangu. Kaeni vizuri, na mama mwenye mtoto anayelia asihangaike kutoka naye nje, maana leo sina sauti ya kushindana na mtu. Nimeamka nimechoka. Nikitazama nyuso zenu naona na ninyi mmeamka hivyo hivyo, kwa hiyo tuchukuliane.

Kulikuwa na fundi mmoja wa magari, huku huku kwetu mlimani. Msianze kugeuka kutafuta ni nani, maana nimemtunga mwenyewe, na atakayenifuata nje kusema kwamba nimemsema, basi amejitaja kwa kinywa chake. Fundi huyu alifanya kazi ya mabasi mjini mpaka nywele zikawa nyeupe, akastaafu, akarudi kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloliacha marehemu baba yake. Alisema amerudi kupumzika. Sasa nyuma ya banda la ng'ombe, chini ya migomba, palikuwa na gari.

Si gari la kubebea ndizi hilo. Lilikuwa gari dogo la mbio, la milango miwili, pua ndefu na mgongo mfupi, ambalo zamani Mgiriki mwenye shamba la kahawa alikuwa akiingia nalo kwenye mashindano. Baba yake fundi ndiye aliyekuwa akimtengenezea. Mgiriki alipofunga virago kurudi kwao, akamwachia mzee lile gari kama mkono wa kwaheri. Mzee naye akaenda zake, Mungu amrehemu, gari likabaki. Kuku wakataga kwenye viti. Mvua ikaingia kwa juu, kutu ikala kwa chini, hata ukikaa kwenye kiti cha dereva unaona majani yameota kati ya miguu yako.

Siku moja fundi akalivuta mpaka kwenye kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, akamwambia mkewe, "Mtoto wetu akiolewa, atakwenda kanisani ndani ya gari la babu yake." Huyo mtoto tumwite Aikande, maana bibi harusi hakosi jina. Yule baba hakuwa na shamba la kumpa binti yake, wala ng'ombe wa kujivunia. Alitaka ampe asubuhi moja tu ya heshima, na hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake.

Mnaijua kazi ya gari lililotupwa? Unafungua bolti kutafuta ugonjwa mmoja, unakuta ukoo mzima wa magonjwa. Alichomelea sakafu, akakuta na milango imeoza. Akatengeneza milango, akakuta breki zilishakufa siku nyingi. Kabureta aliifungua, akaiosha, akaifunga, ikavuja, akaifungua tena. Vipuri vyake havikuwepo duka lolote, kwa hiyo alichokikosa alikichonga kwa tupa, akakijaribu, hakiingii, akaanza upya. Msasa ulimla ncha za vidole. Mgongo ulimuuma hata akiwa amelala. Jioni alikuwa akiingia ndani anajitupa kitini bila kuvua viatu, mkewe anamwekea chakula, na chakula kinapoa yeye anakitazama tu.

Mama Aikande alikuwa mpole, mwenye maneno ya kuhesabu. Lakini kuna swali alilokuwa nalo, na kila alipopeleka chai kibandani alilipeleka pamoja na chai.

"Baba Aikande, hili gari litatokea wapi?"

"Kwanza lipone."

"Siulizi kupona, mume wangu. Nauliza njia."

Na yule bwana, akisikia neno njia, alichukua spana akaingia chini ya gari. Kule chini hakuna anayekufuata. Ni wewe na mabomba na grisi, na grisi haina maswali. Chai ilipoa juu ya kopo la rangi, mama wa watu akarudi jikoni kwake.

Ngoja niwaeleze hiyo njia, msije mkadhani ni fumbo. Vihamba vyetu mnavijua. Mzee aliacha wana wawili. Yule mkubwa alipewa upande wa juu, unaopakana na barabara. Huyu fundi, kitindamimba, alipewa nyumba ya wazazi huku chini, kama ilivyo desturi. Kulia kwake ni korongo. Nyuma ni mfereji. Kushoto ni kahawa ya jirani, na katikati ya kahawa pana kijia cha mtu na ndoo yake kichwani, basi. Gari likitaka kufika barabarani lazima lipite uwanjani kwa kaka. Enzi za mzee haikuwa shida, uwanja ulikuwa mmoja na watoto walikimbia humo wote.

Halafu ndugu wakagombana. Mnataka kujua waligombania nini? Kidari. Krismasi ya kwanza baada ya fundi kustaafu, watu wote wamepanda mlimani kutoka mijini, mbuzi akachinjwa, na kaka, ambaye ndiye mwenye kugawa, akampa mgeni wake kidari ambacho mdogo aliamini ni fungu lake. Kidari cha mbuzi, jamani, nyama iliyoliwa ikaisha jioni ile ile. Neno likazaa neno, mbege nayo, pombe yetu ya ndizi, ikaongezea lake, mdogo akasema mbele za wakwe, "Kuanzia leo, kwangu usikanyage." Na ili asionekane mtu wa maneno matupu, sikukuu zilipoisha alinunua matofali akajenga ukuta, kutoka korongoni mpaka kwenye kahawa ya jirani. Ukuta ulinyooka vizuri sana. Fundi ni fundi, hata akijenga upumbavu anaupima kwa kamba.

Sasa nisikilizeni hapa. Alijenga ukuta kwanza, gari akalianza baadaye. Alijua. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, alikuwa akifufua gari ndani ya boma ambalo mlango wake aliuziba kwa mikono yake. Mtasema, alikuwa anafikiri nini? Hakuwa anafikiri. Alikuwa anafanya kazi, na kazi ni mahali pazuri mno pa kukwepa kufikiri. Asubuhi alimsikia kaka yake akikohoa ng'ambo ya ukuta, kikohozi kile kile cha baba yao, naye akawasha mashine ya kusugulia kutu ili asikisikie. Moyo ukimchoma, alisema ni mgongo. Mke akimwambia umechoka, alisema ni umri.

Posa ikaja, mahari ikapokelewa, harusi ikapangwa Jumamosi. Wiki ile fundi akapiga rangi nyekundu mkono wa mwisho, akafunga vioo, akajaza mafuta. Ijumaa asubuhi akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa kidogo, likanyamaza, kisha likanguruma mpaka mabati ya kibanda yakatetemeka na ng'ombe akakata kamba. Mama Aikande akatoka jikoni mikono ina unga. Akamkuta mumewe ameegemea usukani analia. Akadhani ni furaha. Haikuwa furaha. Mzee wa watu alikuwa ameona kwamba kazi imekwisha, na hana tena pa kujificha.

Akashuka. Mbele yake boneti inang'aa, na mbele ya boneti ukuta. Na ng'ambo ya ukuta, barabara ya kwenda kanisani.

Nawauliza ninyi, angefanya nini? Wengine mnasema moyoni, angekwenda kubisha hodi. Ni mwendo wa kumaliza kikombe cha chai. Wazee wetu hata walituachia desturi yake: ukimkosea mtu unachuma jani la isale, unampelekea, na aliyeletewa isale hakatai. Isale yenyewe imeota pale pale mpakani. Haya, mnajua alichofanya? Alichukua spana, akaanza kulifungua lile gari.

Msicheke. Alikuwa amepiga hesabu yake. Milango itoke, boneti itoke, injini ifungwe kwenye miti ibebwe na vijana wa harusi, bodi ikatwe vipande, vyote vipite kwenye kijia cha kahawa, kisha aje aliunge upya kule barabarani kabla ya ibada. Mtu aliyevunja mgongo kulifufua alikuwa tayari kulivunja tena, ili mradi asiseme neno moja kwa mtu waliyenyonya naye titi moja.

Alikuwa ameshaulegeza mlango wa kushoto Aikande alipotokea, amebeba nguo ya harusi mkononi.

"Baba, unafanya nini?"

"Nalitoa."

"Unalitoa au unaliua?"

Alipangusa jasho, grisi ikampaka usoni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Mwanangu, njia nyingine iko wapi?"

"Mimi natoka kwa baba mkubwa sasa hivi," binti akasema. "Mke wake ndiye aliyekuwa ananishonea hii nguo. Mimi na mama tunakwenda kule kila siku, baba, tunazungukia kwenye kahawa. Huo ukuta umekuzuia wewe peke yako."

Fundi akakaa chini, juu ya tairi. Akauliza, "Amesema nini, huyo baba yako mkubwa?"

"Hajasema kitu. Tangu liwake, ametoa kiti amekaa upande wake wa ukuta. Anasikiliza."

Basi akainuka. Hakuchuma isale, aliisahau au aliiona aibu, mimi sijui. Alipita kwenye kahawa ya jirani na spana yake mkononi na uso wake wa grisi, akiburuta miguu. Alikuwa na maneno ya kumwambia kaka yake, aliyoyapanga miaka yote akiwa chini ya gari: nani alianza, nani alisema nini mbele za nani, kidari ni cha nani kwa mila. Alipofika akamkuta amekaa pale kwenye kiti, amezeeka kuliko alivyotarajia, na maneno yote yakampotea.

"Shikamoo kaka," akasema. "Nimechoka."

Kaka akamtazama. "Marahaba. Hata mimi. Kaa."

Akakaa chini, majanini. Wakautazama ukuta. Kisha mkubwa akasema, taratibu, "Ungekuja hata likiwa bovu. Tungelisukuma."

Nyundo zililetwa, vijana wa harusi wakaupiga ule ukuta mchana kutwa. Jumamosi Aikande alipita uwanjani kwa baba mkubwa ndani ya gari jekundu, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani, maana bolti moja ilipotea majanini na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuitafuta. Watu walicheka, na bibi harusi akacheka nao.

Ndugu zangu, ni sisi hao. Kila Jumapili tunaingia humu tumechoka, tukiulizwa tunasema ni shamba, ni ada za watoto, ni magoti. Ni kweli, vinachosha. Lakini kuna uchovu ambao ukilala nao unaamka nao, na huo si wa jembe. Ni uchovu wa kumzunguka mtu. Tunapaka kanisa rangi, tunaanzisha kwaya nyingine, tunafunga na kuomba, tunasugua kila kutu ya maisha yetu isipokuwa kwenda kwa yule mmoja tunayemjua sote kwa jina. Na tukibanwa kabisa, tuko tayari kufungua bolti za ndoa, za ukoo, za usharika huu, tubebe vipande vipande kwenye kijia cha jirani, kuliko kusema maneno mawili. Tunajidanganya kwamba tutakwenda tukishakuwa wazuri. Nani kakuambia ndugu yako anakutaka mzuri? Nani kakuambia Mungu anakungoja upigwe rangi? Njoo bovu. Utasukumwa.

Na msidhani kwamba mtu akisimama hapa mbele haoni. Ninaona. Wapo wanaokaa mkono huu kwa sababu fulani anakaa mkono ule. Wapo ambao ibada ikiisha, mmoja akielekea mlango mkubwa, mwenzake anakumbuka ghafla kwamba yeye kwake ni karibu kwa mlango wa pembeni. Miaka inakwenda hivyo, na mkate wa Bwana tunakula pamoja.

Leo asubuhi nimemwomba mzee wa kanisa aufunge ule mlango wa pembeni. Ufunguo ninao mimi, uko mfukoni, na kwa jinsi nilivyochoka sina haraka ya kuutoa. Tusimame tupokee baraka, halafu tutoke wote kwa mlango mmoja.