Kwarara Aliyeondoka Kabla ya Mwisho

Paukwa?

Pakawa.

Nina kisa cha ziwa.

Kilete na samaki wake.

Sogeeni basi. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole, nisije nikasahau jina la mtu.

Hapo zamani za kale, kwenye ziwa lililozungukwa na jangwa, maji yalikuwa ya wote. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, walisimama kwa mguu mmoja wakijitazama. Punda Milia walikuja na vumbi lao, wakanywa, wakasema asante. Ndiyo, asante. Siku hizi nani anasema?

Palikuwa na mama mmoja mvuvi, jina lake Nakwam. Hakuwa na mtumbwi wala nyavu. Alikuwa na tenga lisilo na kitako, lenye tundu juu. Aliingia maji ya magotini, akamfunika samaki kwa tenga, chubwi, akapenyeza mkono tunduni, akamtoa.

Mwenzake wa kazi alikuwa Mama Mamba. Mamba alizunguka kilindini, akawafukuza samaki kuja ufukweni. Nakwam akavua. Jioni wakagawana: minofu kwa Nakwam, vichwa na matumbo kwa Mamba. Kisha wakaketi kuwasema watu wote wa ziwa, wakacheka mpaka giza. Raha ilikuwa hiyo, wajukuu zangu. Samaki walikuwa kisingizio tu.

Siku moja mayai ya Mamba yakaanza kulia chini ya mchanga. Mamba akafukua, akawachukua watoto wa kwanza kwa mdomo, akaufunga, akaelekea majini.

Juu ya jiwe alikuwapo Kwarara. Mnamjua, yule ndege mwenye sauti ya ugomvi. Aliuona mdomo ukifungwa. Hakungoja auone ukifunguka. Akaruka.

"Heroe, umesikia? Mamba amemmeza mwanawe."

Heroe akamwambia Punda Milia, "Mamba amemeza watoto kumi."

Punda Milia akamwambia Kiboko, "Mzee, amewamaliza wake wote, sasa anatafuta wetu."

Mimi simlaumu sana Kwarara. Habari tamu huwasha ulimi.

Nakwam naye akasikia, yuko majini. Akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akasimama pakavu. Tenga akaliacha humo humo.

Mamba aliporudi kuwachukua waliobaki, alikuta wanyama wamemzibia njia.

"Watoto wako wapi?" Kiboko akauliza.

"Nimewaweka pema."

"Pema wapi?"

Mamba akamtazama Kenge, aliyesimama nyuma akilamba midomo. Akanyamaza.

"Anaona haya," Kwarara akasema.

Kenge akajitokeza kwa upole. "Jamani, hawa waliobaki ni yatima. Nitawalinda mimi."

Wakamshukuru. Wakamwachia shimo zima. Hebu niambieni.

Watoto wakaita chini ya mchanga, Mamba akapanda. Kwato zikamrudisha. Wakaita tena, akapanda. Kwato zikamrudisha. Mara ya tatu akalala kwenye matope, akasema, "Niueni mkitaka, lakini wafukueni. Hawawezi kutoka peke yao."

Nakwam hakuweza kumtazama. Akasema moyoni, ngoja nichukue tenga langu niende zangu. Akapenyeza mkono tunduni. Akaumwa kidole. Akaumwa cha pili. Akachungulia: watoto wa mamba, wazima wote, wanamkodolea macho ya mama yao. Kumbe pema pa Mamba palikuwa humo.

Akapanda ufukweni na mmoja kiganjani.

"Kwarara, mdomo ulipofungwa, ulifunguka wapi?"

"Sijui, mama. Niliondoka."

"Ulikwenda wapi?"

"Kusema."

Ndipo wakasikia kule nyuma: kwacha, kwacha. Kenge alikuwa analinda. Ute wa yai ulimning'inia kidevuni. Mkia wa Mamba ulimfikia mara moja tu, na tangu siku hiyo Kenge hutoa ulimi, huingiza, hutoa. Bado anafuta ushahidi. Kwarara aliinamisha mdomo kwa aibu, ukapinda hivyo hadi leo.

Waliosalia wakafukuliwa. Walikuwa wachache.

"Dada, nisamehe," Nakwam akasema. "Kesho tuvue."

Mamba akajibu, "Ziwa zima hili, niliamini tenga lako peke yake. Nawe uliposikia, ulitoa miguu."

Akawachukua wanawe mdomoni, safari hii wote wakitazama mpaka mwisho, akaogelea kwenda kisiwani. Hakurudi kuvua naye.

Siku hizi wageni huja na darubini, lakini Mamba akiona jicho tu, huzama. Na wavuvi huwafuata samaki wenyewe, mbali, kwenye upepo. Nakwam, mpaka uzeeni, aliacha vichwa vya samaki juu ya jiwe kila jioni. Asubuhi havikuwapo. Wengine husema ni Kenge. Mimi nina langu, lakini leo sisemi.

Basi ukiona mdomo unafungwa, ngoja uone unafunguka wapi. Na rafiki yako akisemwa, muulize kwanza kabla hujatoa mguu.

Kisa changu nimekirudisha majini. Anayekitaka aje na tenga lake.