Mwanamke Aliyevuna Mwani Safi

Mama zangu na dada zangu, sikieni habari ya mwanamke mmoja mkulima wa mwani. Aliishi kwenye kisiwa kidogo sana, ukipiga chafya upande wa mashariki, watu wa magharibi wanakuombea rehema.

Mwanamke huyu alikuwa na mtoto mchanga, na chumba alicholala mtoto kilikuwa kinavuja. Mvua ikinyesha anahamisha kitanda, mara kona hii, mara kona ile. Basi akajiwekea nia: mwani wa msimu huu ndio bati la mwanangu.

Na kwa mwani alikuwa hodari. Mnunuzi akija na boti yake, gunia la mwanamke huyu ndilo hupokelewa kwanza. "Mwani wake hauna hata uchafu wa kushika kwa kidole," mnunuzi husema, na mwanamke hurudi nyumbani akitembea kwa maringo kidogo. Nani asingeringa?

Sasa, mwani hufungwa kwenye kamba kwa vinyuzi vya plastiki. Siku ya kuvuna, vifundo vimeshikana kwa chumvi, havifunguki. Unakata kwa kisu, unavuta mwani, uzi unaanguka majini. Mtoto analia mgongoni, maji yanaanza kujaa, nani ana nafasi ya kuokota uzi? "Bahari itaupeleka mbali," alijisemea kila mara. Lakini nawauliza, kwenye kisiwa kama kile, mbali ni wapi?

Shamba lililopakana na lake lilikuwa la bibi mmoja. Bibi huyu akishavuna mwani wake haendi nyumbani. Hubaki ameinama, mfuko kiunoni, anaokota vinyuzi, chupa na karatasi za biskuti kabla maji hayajarudi. Wasichana walimtania, "Bibi, leo umevuna kilo ngapi za nyuzi?"

"Za kutosha kukushona mdomo, mjukuu wangu!"

Wote wakacheka, na mwanamke wetu akacheka nao.

Msimu ule mjukuu wa Bibi alijifungua kwenye kisiwa cha jirani. Bibi akakunja kanga zake, akaenda kumlea mzazi siku arubaini. Nyuma yake mwani ukavunwa, ukaanikwa, na siku ya kuuza ikafika. Mnunuzi akatia mkono kwenye gunia la mwanamke wetu, akatoa fungu la mwani lililosokotana na plastiki. Akatia tena, hali ni ile ile.

"Mama, huu sichukui. Nipo hapa siku mbili. Ukiusafisha, niletee."

Machozi yakamlengalenga. Akazichomoa nyuzi alizoziona juu juu, akazitia kwenye beseni, akaenda moja kwa moja kwa shoga yake.

"Tazama! Kuna mtu hana haya, anatupa taka zake shambani kwangu. Mwanangu alale kwenye maji kwa sababu yake?"

Shoga yake akainua uzi mmoja, akaugeuza. "Shoga, sisi sote tunafungia nyuzi nyeupe. Hizi za buluu, alizozichambua mumeo kwenye ile kamba kuukuu, ni za nani?"

Mwanamke akautwaa uzi ule, akautazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini siku zote hazikuwepo."

"Siku zote Bibi alikuwepo."

Shoga yake akatandika mkeka, akawaita wenzake wawili, wakakaa kuchambua. Siku ya pili jioni gunia likapokelewa. Safari hii lilikuwa la mwisho, lakini lilipokelewa, na bati likapatikana.

Bibi aliporudi alimkuta mwanamke yule baharini, ameinama, mfuko kiunoni.

"We mtoto, unaninyang'anya kazi?"

"Bibi, kwa nini hukuniambia kwamba nyuzi zile ni zangu?"

"Ulikuwa na mtoto mgongoni, mwanangu. Kuinama kulikuwa tabu kwako kuliko kwangu."

Na sisi je, mama zangu? Tunafagia ua mpaka unang'aa, taka tunazisukuma nyuma ya ukuta, kisha tunajisifu kwamba nyumba zetu ni safi. Pampasi tunaifunga kwenye mfuko, tunautupa baharini maji yakipwa, tunaona tumemaliza. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa usafi wetu, na ni vizuri kushukuru, lakini tumewahi kuuliza ni mgongo wa nani umeinama ili sisi tuonekane safi? Kila tunachokitupa kina mtu wa kukiokota. Mtu huyo ana jina, ana magoti yanayomuuma, na kwa huruma yake hajatwambia.

Basi kabla hatujamtafuta anayetuchafulia, tumtafute anayetusafishia. Tumjue kwake, tumpe mkono, tuiname pamoja naye. Tusingoje mpaka asafiri.